Mizunguko Saba ya Vatsala

Maneno yale niliyasema mimi, kwa kinywa changu, na sina wa kumsingizia. Tulikuwa kwenye benchi la hospitali, mimi na wifi yangu Vatsala, tukisubiri kuambiwa kama kaka yangu Digambar ataishi. Mkono wa Vatsala ulikuwa bado na plasta. Nikamwambia, "Mume unamwombea mizunguko mitatu badala ya saba, ulitegemea nini?" Aliitazama ile plasta muda mrefu, kisha akaufunika mkono kwa ncha ya sari.

Hapa mjini Wai, mwezi ukipevuka mwanzoni mwa mvua, wake za watu hufunga tangu alfajiri, huvaa sari za kijani na kwenda kuuzunguka mti wa vadi nyuma ya hekalu, ule wenye mizizi inayoning'inia kutoka matawini. Mke anauviringisha uzi mweupe kwenye shina, mizunguko saba, kwa mkono wake mwenyewe, huku akimwombea mumewe umri. Vatsala alifanya hivyo kila mwaka tangu aolewe na kaka. Mwaka ule alianguka kwenye mzunguko wa nne.

Alikanyaga mzizi uliolowa, mguu mmoja ukabaki hewani, akayumba mara mbili. Mara mbili! Mtu anayeyumba mara mbili anadakika. Mimi nilikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Lakini mimi ni mjane, mwaka wa thelathini na moja huu, na siku ile mjane hakanyagi sakafu ya mti, ile iliyoinuliwa kulizunguka shina, wala hamgusi mke wa mtu aliyeshika uzi. Mkono wangu ulitoka, nikaurudisha. Nikasimama pale na mila zangu, nikamtazama wifi yangu akienda chini, mkono ukivunjika na uzi ukikatika. Siku kumi na mbili baadaye kaka akapigwa na kiharusi. Ndiyo maana pale hospitalini nilihitaji mtu wa kumlaumu upesi, kabla hajapata nafasi ya kunitazama mimi.

Kaka aliishi, ila upande mzima wa kulia ulikufa na maneno yote yakampotea. Alitaka maji, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Jina la mkewe lilimshinda, langu pia. Kilichobaki ni hesabu. Kaka alifanya kazi miaka arobaini kwenye ghala la bizari ya manjano, akisimama kando ya mizani na kuyaita magunia kwa sauti, na huko ghalani gunia la kwanza haliitwi moja, huitwa baraka, ili siku ianze vizuri. Basi siku ya tisa hospitalini, muuguzi akimpima, tukamsikia: "Baraka. Mbili. Tatu. Nne." Vatsala alilia mpaka muuguzi akamtoa nje.

Baridi ilipoisha, Vatsala akaja upande wangu wa ua asubuhi moja. Tunaishi nyumba moja ya zamani, ua katikati, wao kushoto na mimi kulia.

"Wifi, kesho saa kumi na mbili tunakwenda yoga."

"Yoga? Na miaka sabini na mmoja hiyo? Unataka kuolewa tena?"

"Nataka kusimama kwa mguu mmoja."

"Kuku wanasimama kwa mguu mmoja kila siku, na wanachinjwa vilevile."

Hakucheka. Akasema, "Mwaka huu naimaliza mizunguko yote saba. Kwa miguu yangu, bila mtu kunishika. Yule akiondoka, asiondoke kwa sababu yangu. Ukitaka kuja, njoo. Hutaki, baki na ulimi wako."

Nikaenda. Ningewezaje kutokwenda?

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi wa hekalu, wanawake kumi na mmoja, mdogo wetu ana miaka sitini na nne. Mwalimu wetu Sharayu alikuwa amefundisha michezo shule ya wasichana mpaka akastaafu, na bado alivaa filimbi shingoni ingawa hakuipuliza hata siku moja. Tulianza kwa kushika ukuta na kuinua visigino. Halafu kutembea juu ya mstari wa sakafu, kisigino mbele ya kidole. Halafu mkao wa mti: unasimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili umeuegemeza kwenye shina la mguu uliosimama, mikono umeikutanisha kifuani.

"Si kwenye goti!" Mwalimu Sharayu alikuwa akipita katikati yetu. "Goti ni bawaba, jamani, si kigoda. Chini ya goti, au juu yake. Mama Godavari, nimesema inua mguu, si kiuno."

"Mwalimu, kwangu vyote vimeungana," akajibu Godavari, naye ni mnene haswa, tukacheka wote na wanne tukashusha miguu.

Alitupanga wawiliwawili, mimi na Vatsala. Mmoja anasimama, mwenzake yuko mbele yake, mikono wazi, umbali wa shubiri moja.

"Kazi yako, Mama Anasuya," akaniambia, "ni kuwa karibu. Usimshike hovyo, atazoea kushikwa. Lakini akianguka kweli, mkono wako uwepo."

Nilidhani kuna mtu amemwambia. Hakuna aliyekuwa amemwambia, yalikuwa maneno yake ya kila siku.

Siri ya kusimama, alisema mwalimu, iko machoni. Tafuta kitu kisichotikisika, kikazie macho, usikiache. Wengi wetu tulitazama msumari wa kalenda ukutani. Vatsala aliujaribu msumari wiki nzima na wiki nzima akayumba. Siku moja akageuza macho, akanitazama mimi, akainua mguu, akasimama pumzi nane.

"Wifi yangu ana uso mkavu kuliko msumari," akawatangazia. "Hautikisiki hata ukiupiga nyundo."

Wakacheka mpaka Godavari akakaa chini. Mimi pia nilicheka, na kwa mara ya kwanza tangu hospitalini nilimwona naye anacheka. Tangu siku hiyo uso wangu ndio uliokuwa msumari wake.

Nyumbani alifanya mazoezi mbele ya kitanda cha kaka, kila alfajiri kabla ya chai. Alikunja sari katikati ya miguu, akainua wayo, na kaka akaanza: "Baraka. Mbili. Tatu." Mwanzoni aliishia tano, sita. Akiyumba, kaka hakuruka hesabu. Aliishikilia namba iliyofuata kinywani na kumsubiri atulie, "kumi na... kumi na...", na alipotulia ndipo akaiachia, "...moja!" kwa sauti ile ya ghalani. Jicho lake la kushoto lilikuwa linang'aa. Nimewajua watu hawa wawili kwa miaka hamsini na miwili, nimewasikia wakigombana kwa ajili ya chumvi na kwa ajili ya harusi za watoto wa watu. Sikuwahi kuwaona wakipendana kama miezi ile. Wivu ulinishika, nakiri. Kisha ukaniachia.

Mara mbili nilitaka kumwambia Vatsala habari ya mkono wangu. Mara ya kwanza alisema, "Wifi, inua kisigino, unazembea." Mara ya pili nilikosa ujasiri mwenyewe.

Siku yenyewe ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha jioni ya jana yake na asubuhi ua ulikuwa unateleza. Vatsala alifanya zoezi lake kama kawaida mbele ya kitanda, amefunga, hata maji hajanywa, na kaka akahesabu mpaka thelathini. Hakuwa amewahi kufika thelathini. Vatsala akashusha mguu taratibu, akamgusa kaka shavuni kwa mgongo wa kidole, akaenda kuoga nyuma ya ukuta, pale bafuni ambapo kila kitu kinasikika.

Mimi nikakaa na kaka, nikimnywesha chai kwa kijiko. Akakataa kijiko cha tatu. Akaanza kuhesabu tena peke yake, kama alivyokuwa akifanya mara nyingi, akitazama dari. Baraka, mbili, tatu. Kule bafuni maji yalikuwa yanamwagika. Akafika kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne.

Nikasubiri kumi na tano. Nilidhani anaishikilia kama kawaida yake. Nikainama nimtazame, na jicho lile la kushoto lilikuwa wazi bila mtu ndani.

"Mbona kimya?" Vatsala akauliza kutoka bafuni.

Ningeweza kupiga ukelele. Kila mwanamke wa mtaa ule angejua la kufanya, na wifi yangu angetoka mbio na maji yakimtiririka. Na palepale angekuwa mjane, na mjane hauzunguki mti. Miezi minne yote ile, visigino, mstari wa sakafu, msumari. Angebaki maisha yake yote na mizunguko mitatu, na maneno niliyomwambia kwenye benchi. Niliona yote hayo mara moja, na niliona mkono wangu ukirudi nyuma.

"Amelala," nikasema.

"Kahesabu sana leo, kachoka," akasema, na nikasikia anatabasamu.

Nikamfumba kaka macho. Nikamvutia shuka mpaka kidevuni na kumgeuza uso ukutani. Mikono yangu haikutetemeka, na hilo linanitisha mpaka leo. Vatsala akatoka amevaa sari ya kijani ya harusi ya dada yake, kipini puani, bangili za kijani mpaka nusu ya mkono, ameshika sinia ya maembe na maua na kibunda cha uzi. Akanong'ona, "Nisimwamshe." Akawasha redio kwa sauti ndogo, kama tulivyokuwa tukifanya kila asubuhi ya yoga ili asijione mpweke. Nikafunga mlango kwa nje. Kaka yangu nilimwacha peke yake na redio, Mungu anisamehe.

Mtini palikuwa pamejaa. Nilisimama nje ya sakafu, mahali palepale pa mwaka jana. Godavari alikuwa ameshamaliza yake, amekaa pembeni akijipepea. "Mama Vatsala, taratibu!" akapaza sauti. "Goti ni bawaba!" Wanawake wakacheka. Vatsala akaufunga uzi shinani, akainua macho kunitafuta.

Mzunguko wa kwanza. Alikanyaga kama tulivyofundishwa, kisigino kwanza, uzito baadaye. Kila alipotokea upande wangu aliniangalia usoni, na mimi nilikuwa nimeukaza uso wangu mpaka taya zinauma. Nilijua nikitikisika kidogo tu ataanguka. Wa pili. Wa tatu. Midomo yake ilikuwa inatembea, anamwombea kaka umri mrefu. Nilitaka kulia kwa sauti ya kuvunja mti ule. Nikawaza mambo ya kijinga ili nisilie, nikawaza bei ya vitunguu, nikawaza viatu.

Wa nne. Ule mzizi. Alisimama mbele yake, akainua mguu wa kulia, na wa kushoto ukateleza. Akayumba mara moja. Nilikuwa tayari nimekwishapanda kwenye sakafu ya mti. Kwa miguu yangu, mbele ya mtaa mzima, mjane kwenye sakafu ya mti, mikono wazi, umbali wa shubiri moja. Nikasikia mwanamke nyuma yangu anashtuka, "Ha!" Sikumshika Vatsala. Alinitazama usoni, mguu ungali hewani, akavuta pumzi, mbili, tatu, akatulia. Akaushusha mguu ng'ambo ya mzizi.

Kuanzia hapo nilitembea naye, hatua moja nyuma, na hakuna aliyethubutu kunitoa. Wa tano, wa sita, wa saba. Uzi haukukatika.

Akaweka paji la uso kwenye shina akakaa hivyo. Aliponigeukia alikuwa amelowa machozi, anacheka kama binti.

Njiani alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wifi, niliuona mkono wako mwaka jana."

Nikasimama.

"Ulitoka, ukarudi. Niliuona kabla sijafika chini. Nimekuwekea kinyongo mwaka mzima, tena kizito, na ulivyonisema pale hospitali ndiyo kabisa. Leo umepanda. Watakusema mji mzima, nawe umepanda." Akanibana vidole. "Basi. Yamekwisha, wifi."

Nilipaswa kusema pale. Njia ilikuwa tupu, hatua hamsini tu hadi nyumbani. Nilifungua kinywa kama kaka, na kama kaka hakikutoka kitu.

Aliingia mbele yangu. Redio ilikuwa inaimba. "Saba!" akasema kabla hata hajaweka sinia chini. "Umesikia? Yote saba. Huyu dada yako kapanda mpaka kwenye sakafu ya mti, ungemwona..." Akamshika mguu kupitia kwenye shuka, kama alivyokuwa akimwamsha siku zote.

Hakupiga kelele. Alizima redio kwanza. Akamfunua uso, akamtazama, akamrudishia shuka taratibu mpaka kidevuni.

"Tangu saa ngapi?"

"Ulipokuwa unaoga."

"Nilimsikia akinyamaza," akasema. "Nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia amelala."

"Nilikuambia hivyo."

Bangili zake zililia kidogo, basi. "Sasa nilikuwa namzungukia nani?"

"Nilitaka umalize," nikasema. "Wewe mwenyewe ulisema, asiondoke kwa sababu yako. Nilitaka umalize yote, ili usije ukabaki na..."

"Mimi sikutaka kumaliza, Anasuya. Nilitaka awepo." Mimi ni wifi yake tangu alipokuja kama bibi harusi, na alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. "Nilitoka bafuni akiwa bado ana joto. Miguu yake ingekuwa bado ina joto. Hiyo saa moja ilikuwa yangu."

Nilifanya kwa ajili yake, na nilifanya kwa ajili yangu, na nikijaribu kuvitenganisha sijui kipi kiliniongoza ulimi.

Mume akifa, kuna mambo ambayo wanawake wa mtaa huja kumfanyia mjane. Huvunja bangili, hufuta alama nyekundu ya kwenye paji la uso, huvua pete za fedha za vidole vya miguu, zile anazovishwa bibi harusi na asizivue mpaka mmoja wao afe. Mimi zangu nilivuliwa nimekamatwa mabega na wanawake watatu. Nikapiga magoti mbele ya Vatsala, walau hilo nimfanyie mimi, kwa upole.

"Inuka hapo."

"Wifi, niache nikusaidie, kaa kitandani basi..."

"Inuka."

Nikainuka. Nikamwekea bega ashike.

"Usinishike."

Akasimama katikati ya chumba, mbele ya kitanda, mahali pake pa kila alfajiri. Akakunja sari. Akainua mguu wa kulia, akaupandisha pajani, juu ya goti, kama mwalimu alivyotufundisha mwezi wa mwisho, ule mkao ambao katika darasa zima ni yeye peke yake aliyeuweza. Kwa mkono mmoja akashika wayo, kwa mwingine akaanza kuizungusha pete. Ilikuwa imeingia ndani ya nyama kwa miaka hamsini na miwili. Haikutoka.

Mwili ukaanza kuyumba. Akainua macho akanitafuta, akanitazama vilevile unavyotazama msumari, bila mapenzi na bila chuki. Lakini sasa uso wangu haukuwa mkavu tena. Ulikuwa unanivunjika wote.

"Tulia," akaniambia. "Hesabu."

"Wifi..."

"Hesabu, nimesema. Usiniangushe."

Nikafuta uso kwa kiganja. "Baraka," nikasema. "Mbili. Tatu. Nne."

Alizungusha pete, akapumua, akazungusha. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshika sakafu na haukuondoka. Nje wanawake walikuwa wanarudi kutoka mtini, tuliwasikia wakicheka na kuitana. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Pale nikanyamaza. Sikuweza. Kitandani shuka lilikuwa limetulia.

Vatsala hakushusha mguu. Alisubiri, amesimama kwa mguu mmoja katikati ya chumba, hajashikwa na mtu.

"Endelea," akasema.

"Kumi na tano," nikasema, na pete ikatoka.